Kabla ya kunyanyua kwa loda, tazama kilichoko nyuma ya trekta

Trekta lenye loda ya mbele, yaani mikono yenye kijiko cha kunyanyulia mizigo, likielemewa hutoa dalili mapema. Stelingi inakuwa nzito, matairi ya nyuma yanateleza mahali yasipozoea kuteleza, na dereva anahisi kiti kinainuka kidogo kila anapokanyaga breki. Wengi wakiona hivyo hupunguza mwendo na kuendelea na kazi. Kupunguza mwendo ni vizuri, ila kasoro inabaki palepale: nyuma hakuna uzito wa kutosha kulishikilia trekta. Uzito huo wa kusawazisha ndio tunaouita balasti.

Mzigo wa kwenye kijiko unaning'inia mbele ya ekseli ya mbele, na ekseli hiyo inageuka kuwa egemeo kama bega chini ya mzega. Upande mmoja ukishuka, wa pili unapanda. Tuchukue trekta ambalo kutoka ekseli moja hadi nyingine ni mita 2. Kijiko kimebeba kilo 500, na katikati ya mzigo ni mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Zidisha 500 kwa 1.2, gawanya kwa 2, unapata 300. Hizo ni kilo ambazo magurudumu ya nyuma yamepokonywa. Nazo hazipotei, zinahamia mbele. Kwa hiyo ekseli ya mbele inabeba kilo 500 za mzigo pamoja na 300 zilizotoka nyuma, jumla kilo 800 juu ya uzito wake wa kawaida. Dereva anadhani amenyanyua nusu tani tu.

Magurudumu ya nyuma yakiwa mepesi, kitu cha kwanza kuondoka ni breki. Matrekta mengi yana breki kwenye magurudumu ya nyuma pekee, na tairi linalogusa ardhi kwa shida haliwezi kuzuia chochote, hasa kwenye mteremko. Kama trekta lako linaendesha magurudumu yote manne, washa mfumo huo kabla ya kuanza kazi ya loda, kwa sababu shafti inayounganisha mbele na nyuma hupeleka nguvu ya breki hadi magurudumu ya mbele.

Hatari ya pili haionekani kirahisi, nami huirudia kila ninapofundisha madereva. Ekseli ya mbele ya matrekta mengi imeshikwa kwa pini moja katikati ili icheze juu na chini kwenye ardhi yenye mashimo. Maana yake ni kwamba, kwa habari ya kulala ubavu, trekta halisimami juu ya pembe nne. Linasimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini ya mbele. Mzigo unapokivuta kitovu cha uzito kwenda mbele, unakisogeza kwenye ncha nyembamba ya pembetatu hiyo. Kijiko kikiwa juu, tairi moja likiingia kwenye shimo dogo linatosha. Dereva alikuwa akihofia trekta kuinama mbele, kumbe linalala upande.

Sasa, balasti iwekwe wapi? Njia inayopendwa zaidi ni kujaza maji kwenye matairi ya nyuma, kwa sababu lita 1 ya maji ni kilo 1 na kazi yenyewe si ngumu. Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, jaza maji yafike usawa wa valvu, yaani karibu asilimia 75 ya nafasi ya tairi, kisha ongeza upepo. Mahali penye baridi ya kugandisha, maji matupu hayafai. Wengi huchanganya kloridi ya kalsiamu, chumvi inayozuia maji kuganda, lakini hiyo hula ringi za chuma ikivuja.

Maji kwenye matairi yana kikomo ambacho wengi hawakijui. Kilo 400 ndani ya matairi ya nyuma zinaongeza kilo 400 pale nyuma, basi. Ekseli ya mbele haipunguziwi hata kilo moja, bado inabeba 800 zilezile. Chukua kilo 400 hizohizo, zifunge kwenye mikono ya kunyanyulia iliyo nyuma ya trekta, katikati yake ikiwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yanaongezewa kilo 600, na ekseli ya mbele inapunguziwa 200. Uzito ni uleule, umesogezwa nyuma tu, na tayari umeanza kuokoa bearingi, sili na pini za stelingi za mbele. Ndiyo maana ushauri wangu ni kuanza na balasti ya nyuma ya ekseli, halafu maji ya matairi yaje kama nyongeza.

Jiwe la zege linafaa sana. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi, kwa hiyo jiwe la sentimita 60 kila upande linakaribia kilo 520. Pipa la lita 200 likijazwa zege lina kilo 480 hivi, likijazwa mchanga mkavu kama 320. Pini zote tatu za kufungia, mbili za mikono ya kunyanyulia na moja ya mkono wa tatu ulio juu yake, zishikwe na vyuma vilivyopita ndani ya zege kabla halijamwagwa. Usifunge kwa minyororo, kwani jiwe linalobembea ni hatari mpya. Zana ndefu ya shambani nayo inaweza kuwa balasti kama uzito wake unajulikana, ila trekta likikata kona, mkia wake unafagia kila kilicho nyuma. Na kamwe watu wasipandishwe nyuma ili kuongeza uzito. Mtu si balasti.

Kiasi kamili kitoke kwenye kitabu cha trekta na kitabu cha loda, visomwe pamoja. Baadhi hutaja nguvu ya mikono ya nyuma kwenye ncha zake, vingine sentimita 61 nyuma ya ncha hizo, na takwimu ya pili ndiyo ndogo. Angalia pia kikomo cha ekseli na cha matairi, na vua vile vyuma vya uzito vya mbele, maana vinaiongezea mzigo ekseli ambayo tayari imeelemewa. Ukipata mizani ya magari, pima kila ekseli peke yake.

Mzigo wenyewe usikadiriwe kwa macho. Kijiko cha mita za ujazo 0.4 kikijaa mchanga mkavu kina kilo 640 hivi, lakini mchanga uliolowa unaweza kupita kilo 750.

Ukitembea na mzigo, kijiko kikae chini, kama sentimita 30 kutoka ardhini. Kwenye mlima, mzigo uelekee juu: panda ukitazama mbele, shuka kwa rivasi. Fremu ya kinga dhidi ya kupinduka iwe imesimamishwa na mkanda ufungwe. Uswidi iliifanya fremu hiyo kuwa lazima kwa matrekta mapya tangu 1959, na bado nakutana na madereva walioikunja ili wapite chini ya matawi, wakasahau kuirudisha.

Ukiivua loda, vua na balasti siku hiyohiyo. Bila loda, jiwe lile la nyuma linaifanya mbele kuwa nyepesi, stelingi inakosa mshiko, na kwenye mpando magurudumu ya mbele yanaweza kuinuka.