Dawa ya maua ya mafua ni nini? Anza na karafuu

Mtu akisikia "dawa ya maua" anawaza maua ya chai ya kamomili ya kwenye vipaketi vya supamaketi, kumbe jikoni kwake ipo siku zote. Maana yake ni tiba ya asili ambayo kinachotumika ni ua lenyewe, sio jani, mzizi wala gome, kwa hiyo mdalasini haumo maana ule ni gome, tangawizi nayo haimo, ila karafuu imo kabisa.

Huamini? Loweka punje moja kwenye maji ya moto mpaka ilainike, halafu ubandue kile kichwa cha duara kwa kucha. Hizo ni petali zilizokunjamana, na ndani utakuta vijinyuzi vyembamba vimejibana, ni ua ambalo halikupata kufunguka. Ndo maana Pemba wachumaji wanawahi kabla halijachanua, pale linapoacha ukijani na kuanza wekundu, wanachambua makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika maua, wanaanika juani siku kadhaa mpaka linakuwa kahawia iliyokolea. Likishachanua limeshapoteza thamani.

Sasa kwenye mafua inafanya nini? Karafuu ina mafuta, na kitu kikubwa humo kinaitwa eujenoli, ndo kinachotia ganzi, ukitafuna punje utausikia ulimi unakufa ganzi kidogo, basi na koo linalowasha linapata nafuu hivyo hivyo. Kwetu mama alikuwa anachemsha punje nne na tangawizi iliyopondwa, limao anakamua mwishoni kikombe kikishapoa kidogo, unakunywa taratibu huku mvuke unakupiga puani, na huo umoto wenyewe unasaidia kamasi zilegee.

Lakini tuelewane hapa, hiyo ni kutuliza, sio kuponya. Mafua yanaletwa na virusi na karafuu haiviui, mwili wenyewe unavimaliza, mara nyingi kwa wiki moja hivi au siku kumi. Kifua kikibana, pumzi ikawa shida au homa ikagoma kushuka, acha kikombe nenda hospitali.

Na wenye watoto jamani, naomba sana, chai ya punje mbili tatu ni kitu kimoja na mafuta ya karafuu ya kwenye chupa ni kitu kingine kabisa. Yale ni makali mno, mtoto akiyanywa hata kidogo tu yanaweza kumuharibu ini, yawekeni juu asipofika. Asali nayo msimpe aliye chini ya mwaka mmoja, hata akikohoa usiku kucha.