Je, wajua? Kwa nini askofu Mwanglikana akistaafu bado anaitwa "Baba Askofu"?

Kwenye ibada kubwa ya Kianglikana jijini Mwanza unaweza kuona mashati mawili ya zambarau yamekaa mbele. Kola ni zilezile, misalaba ya kifuani ileile, na wote wawili wanaamkiwa "Shikamoo, Baba Askofu". Fimbo ya kichungaji iko kwa mmoja tu. Huyu mwingine, basi, amestaafu nini?

Watu huchanganya mambo mawili: kuwekwa wakfu na kusimikwa. Kuwekwa wakfu ni mara moja tu. Mtu hupitia ushemasi, kisha ukasisi, ndipo maaskofu wasiopungua watatu wamwekee mikono kichwani. Idadi hiyo ni ya tangu Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325. Daraja hiyo ya uaskofu haizeeki. Kusimikwa ni kukalishwa kwenye kiti cha dayosisi fulani, yaani eneo analoliongoza askofu, na kitini ndiko kuliko na mamlaka: kuhamisha makasisi, kuongoza sinodi (mkutano mkuu wa dayosisi), kutoa leseni. Anachostaafu ni kiti.

Mfano uko hapahapa ziwani. Maxwell Wiggins, mzaliwa wa New Zealand, aliwekwa wakfu mwaka 1959 akawa askofu msaidizi wa Dayosisi ya Central Tanganyika. Mwaka 1963 ilipoundwa Dayosisi ya Victoria Nyanza, makao yake Mwanza, akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1976 alikiacha kiti, akarudi kwao kuwa askofu msaidizi wa Wellington. Kazi tatu, nchi mbili, na hakuna aliyemwekea mikono upya.

Panapoleta shida hasa ni kipaimara, ibada ambayo askofu humwekea mikono aliyebatizwa kumwimarisha katika imani. Familia imemzoea askofu mzee aliyestaafu, ndiye aliyempa baba kipaimara, sasa wanamtaka kwa mtoto. Kwa daraja anaweza. Kwa utaratibu hawezi mpaka askofu aliye kitini amruhusu. Kasisi mwenye busara huanza kwa askofu wa dayosisi, hupata kibali cha maandishi kinachotaja parishi, siku na ibada, ndipo anakwenda kubisha hodi kwa mstaafu. Wanaoanza kwa mzee humtia aibu bure, maana atalazimika kukataa au kuvunja taratibu. Na daftari la kipaimara lijazwe jina la aliyeweka mikono, si la mwenye kiti. Miaka 20 baadaye mtu atahitaji cheti.

Kibali kikikosekana na kipaimara kikatolewa, hakirudiwi. Mtoto amekwisha kuwekewa mikono na askofu wa kweli. Wanaoitwa kujieleza ni mzee na kasisi aliyemwalika.

Hata saini husimulia. Rowan Williams alipokuwa Askofu Mkuu wa Canterbury alisaini "Rowan Cantuar", yaani kwa jina la kiti chake katika Kilatini. Alipoondoka mwishoni mwa 2012, "Cantuar" alimwachia aliyemfuata, akarudia jina la ukoo wake.