Miezi 3 ya kuvumilia: maudhi gani ya uzazi wa mpango hupita, na yapi hayapiti

Anayeanza njia ya homoni ya uzazi wa mpango huambiwa karibu kila mahali: "Vumilia miezi mitatu, mwili utazoea." Kwa kichefuchefu, matiti kuuma na matone ya damu ya mwanzoni kwa anayemeza vidonge, ushauri huo ni sahihi. Kwa uzito unaoletwa na sindano si sahihi. Na yapo maumivu ya kichwa ambayo kuyasubiria hata wiki moja ni hatari. Wako wanaoacha njia nzuri kwa maudhi ambayo yangeisha yenyewe, na wako wanaong'ang'ania njia isiyowafaa kwa kuwa tu waliambiwa wavumilie.

Kwanza ujue umepewa nini. Kusema "natumia vidonge" hakutoshi. Vidonge vya majira vya kawaida, kiraka cha ngozini na pete ya ukeni vina homoni mbili: estrojeni na projestini. Sindano ya miezi 3, vijiti vya mkononi, kitanzi chenye homoni na vidonge wanavyopewa wanaonyonyesha vina projestini peke yake. Kichefuchefu na madoa usoni ni kazi ya estrojeni zaidi, na ndiyo inayoongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Hedhi kuvurugika ni kazi ya projestini zaidi.

Geuza pakiti ya vidonge utafute neno ethinylestradiol. Pembeni yake pana namba, mara nyingi mikrogramu 20, 30 au 35. Hicho ndicho kipimo chako cha estrojeni. Enovid, kidonge cha kwanza kuidhinishwa Marekani kwa kuzuia mimba mwaka 1960, kilikuwa na mikrogramu 150 za mestranoli, estrojeni ya aina nyingine. Simulizi za kutisha za wanawake wa miaka ile zina ukweli wake, ila zinahusu dawa nyingine.

Pili, andika. Chukua daftari au kalenda ya simu, na kila siku uweke vitu vinne tu: saa uliyomeza kidonge, damu (hakuna, matone, ya kawaida, nyingi), kichwa, na hali ya moyo (furaha au huzuni). Miezi 2 ya kumbukumbu hizo humsaidia mtoa huduma kuliko maelezo marefu ya "najisikia vibaya tu", kwa sababu siku tatizo linapotokea mara nyingi ndiyo inayofichua chanzo chake.

Damu isiyo na ratiba

Hili ndilo linaloongoza kwa kuwafanya watu waache, hasa kwenye sindano na vijiti. Projestini hufanya utando wa ndani wa mji wa mimba uwe mwembamba, na vimishipa vya damu vilivyomo huwa dhaifu na kupasuka bila mpangilio. Estrojeni huutuliza utando huo, ndiyo maana wanaotumia homoni mbili hutokwa na damu kwa mpangilio zaidi. Matone hayo si dalili kwamba njia imeshindwa kazi.

Kwa sindano, miezi ya mwanzo huwa na damu ya ovyo, kisha hupungua, na baada ya mwaka karibu nusu ya watumiaji hawapati hedhi kabisa. Hapo huzuka hofu nyingine, kwamba damu inakusanyika tumboni. Haikusanyiki. Utando haukujengeka, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Kama una wasiwasi wa mimba, pima mkojo, ukionekana huna mimba uendelee na shughuli zako. Vijiti ni vigumu zaidi kutabiri. Mwenye mpangilio mzuri katika miezi 3 ya mwanzo kwa kawaida hubaki nao, lakini kwa aliyeanza vibaya nafasi ya mambo kutengemaa ni kama nusu kwa nusu. Ni haki yake kulijua hilo kabla ya kuamua kusubiri.

Kwa wa vidonge, kabla hujakilaumu kidonge kagua daftari. Sababu kubwa ya damu katikati ya pakiti ni kidonge kilichosahauliwa au kilichochelewa. Ukikosa kimoja cha homoni mbili, kimeze mara unapokumbuka, hata kama utameza viwili siku hiyo. Zikipita saa 48 au zaidi tangu muda wa kidonge ulichokosa, meza cha mwisho ulichokosa, vingine ulivyoruka uviache, endelea na pakiti, na utumie kondomu mpaka utimize siku 7 mfululizo za vidonge. Kama ni wiki ya tatu, ruka vile 7 vya mwisho wa pakiti, visivyo na homoni, uanze pakiti mpya. Kama ni wiki ya kwanza na ulishakutana na mwenzi wako bila kinga, ulizia vidonge vya dharura. Vidonge vya projestini pekee ni vikali zaidi kwa saa: vingi vinaruhusu kuchelewa saa 3 tu, vya desogestreli saa 12.

Dawa nyingine nazo huharibu. Rifampisini ya kifua kikuu, na karbamazepini na fenitoini za kifafa, huharakisha ini kuivunja homoni ya vidonge na vijiti. Efavirenzi ya VVU hupunguza nguvu ya vijiti. Damu ikianza ghafla baada ya kupewa mojawapo, shida si maudhi tena, ni kinga iliyopungua. Tumia kondomu na uulize kuhusu sindano au kitanzi. Rifampisini ikiisha, endelea kujikinga siku 28. Antibayotiki za kawaida kama amoksilini hazina tatizo hilo, ingawa dhana kwamba zinalo imeenea mno.

Na damu ikitoka baada ya tendo la ndoa, au ikija na uchafu wenye harufu au maumivu ya chini ya tumbo, usiisingizie njia. Huenda ni klamidia, ugonjwa wa zinaa, au tatizo la mlango wa kizazi, na hilo linahitaji kupimwa.

Ukishayaondoa hayo na damu bado inakera, kuna dawa. Kwa wenye vijiti au vidonge ni ibuprofeni miligramu 800, mara 3 kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5. Kwa wenye sindano ni asidi ya mefenamiki miligramu 500, mara 2 kwa siku, siku 5. Dozi hiyo ya ibuprofeni ni kubwa, inafika miligramu 2,400 kwa siku, kwa hiyo ipitishwe kwanza na mtoa huduma. Haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Isitoshe, dawa hizi huzuia damu kutoka kwa muda tu, na huenda ikarudi. Zikishindwa, mwenye kijiti anayeruhusiwa kutumia estrojeni anaweza kupewa vidonge vya homoni mbili kwa siku 21. Damu inayozidi siku 8, au iliyo mara mbili ya kawaida yako, inataka upimwe wingi wa damu, na mara nyingi upewe vidonge vya madini ya chuma.

Kichefuchefu na matiti

Haya ndiyo ya kuvumiliwa kwelikweli. Meza kidonge usiku kabla ya kulala, au pamoja na chakula, saa ile ile kila siku. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine, na kwa sababu hiyo weka pakiti moja ya akiba. Pakiti 3 zikiisha na hali ni ile ile, omba ushushwe hadi mikrogramu 20. Gharama yake ni matone ya damu kuongezeka kidogo, kwani estrojeni iliyokuwa inautuliza utando imepungua. Matiti yanayojaa pande zote mbili hutulia. Uvimbe wa upande mmoja usioondoka unachunguzwa, njia yoyote uliyo nayo.

Kichwa

Angalia daftari: kinauma siku zipi? Kama ni zile siku 7 za vidonge vya rangi tofauti, visivyo na homoni, kinachokuumiza ni kushuka kwa homoni. Kupunguza dozi hakutasaidia, kinachosaidia ni kuondoa pengo hilo la siku 7. Kwa pakiti ambazo vidonge vyote 21 vina dozi sawa, unganisha pakiti 3 mfululizo kwa kuruka vile visivyo na homoni, kisha pumzika siku 4 badala ya 7. Hakuna madhara ya kiafya ya kutopata hedhi katika kipindi hicho. Ile damu ya kila mwezi ya wanaomeza vidonge huletwa na pengo lenyewe, mwili hauidai. Matone yakianza ukiwa unaunganisha, unaweza kusimama siku 3 hadi 4 kisha kuendelea, mradi umeshameza angalau vidonge 21, na isiwe zaidi ya mara moja kwa mwezi.

Kipandauso chenye ishara ni jambo jingine kabisa. Kabla ya maumivu unaona mistari ya kumetameta au doa linaloziba sehemu ya unachotazama, au ganzi inapanda kutoka vidoleni kuelekea usoni upande mmoja, kwa dakika kadhaa hadi saa moja. Mwenye dalili hizi hatumii estrojeni, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Acha vidonge siku hiyo hiyo, tumia kondomu, nenda ukabadilishiwe. Njia za projestini pekee kwa kawaida zinaruhusiwa.

Uzito

Tafiti hazijaonyesha kwamba vidonge vya homoni mbili hunenepesha. Kwa sindano ushahidi upo, ingawa si kwa kila mtu. Jipime siku ya kila sindano, kwenye mizani ile ile. Ukiongezeka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 ya mwanzo, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, mwelekeo ni kwamba utaendelea kuongezeka. Mtu huyo simwambii avumilie. Namshauri abadilishe njia kabla ya sindano ya tatu au ya nne, maana kuzipunguza kilo kumi baadaye ni kazi nyingine kabisa.

Sindano pia hupunguza uzito wa mifupa, ambao kwa sehemu kubwa hurudi baada ya kuacha. Usivute sigara, fanya mazoezi ya kubeba uzito wa mwili, na utaje mapema kama unatumia steroidi za muda mrefu.

Moyo, hamu na ngozi

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wanawake zaidi ya milioni moja, uliona kwamba wanaotumia homoni walianza dawa za sonona kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wasiotumia, hasa wasichana wa miaka 15 hadi 19. Hauthibitishi kuwa homoni ndiyo chanzo, lakini unatosha kumfanya mtoa huduma aache kusema "ni mawazo yako tu". Huzuni ya karibu kila siku kwa wiki 2 ni sababu ya kutosha kwenda kuzungumza na mtaalamu. Mawazo ya kujidhuru ni ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa sindano ikishaingia haitoki, anayehofia hisia zake namwona salama zaidi akianza na njia inayoweza kusimamishwa.

Hamu ya tendo hushuka kwa baadhi, hupanda kwa wengine. Ukavu tu hutatuliwa na kilainishi cha maji. Chunusi kwa kawaida hupungua kwa vidonge vya homoni mbili, lakini vipe muda wa miezi 3 hadi 6. Kwa vijiti zinaweza kuongezeka, na dawa ya kupaka ya benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 hadi 5 husaidia. Madoa ya kahawia usoni yanataka losheni ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi kila siku. Hufifia polepole, na estrojeni ikiendelea huelekea kurudi.

Yasiyosubiri hata siku moja

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye kigimbi. Kifua kubana au pumzi kukata ghafla. Kichwa kuuma kwa ukali usiowahi kuupata, kuona giza, ulimi kuwa mzito, upande mmoja kulegea. Maumivu makali ya tumbo. Nenda hospitali, na utaje njia unayotumia bila kusubiri kuulizwa. Aliyefikisha miaka 35 na anavuta sigara, au mwenye presha kuanzia 140/90, asitumie estrojeni tangu mwanzo, kwa hiyo upimwe presha kabla ya pakiti ya kwanza. Kwa waliokaa kwenye sindano miaka mingi, utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2024 ulihusisha matumizi ya zaidi ya mwaka na ongezeko la meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo ambao ni nadra na mara nyingi si saratani. Kichwa kisichoacha kuuma au macho yanayobadilika uwezo wa kuona yachunguzwe.

Ukiamua kubadilisha, usiache pengo. Kama umetumia njia yako ipasavyo, kijiti kinaweza kuwekwa siku yoyote bila kungoja hedhi na bila kinga ya ziada, na wa sindano anabadilisha tarehe ya sindano inayofuata. Ukiacha vidonge au ukitolewa kijiti, uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Kwa sindano, wastani wa kushika mimba ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, lakini huo ni wastani tu, na kinga yenyewe haihesabiki tena tarehe ikipita. Asiyetaka mtoto aanze njia nyingine tarehe hiyo hiyo, hata kama hedhi haijarudi.