Saratani ya kinywa na koo: daktari anaichunguzaje?

Nilikwenda kuziba jino tu. Mbona daktari wa meno alinipapasa shingo?

Alikuwa akitafuta tezi zilizovimba. Tezi iliyovimba kwa maambukizi ya kawaida huuma, kisha hunywea yenyewe. Inayotia shaka ni ile ngumu, isiyouma, isiyosogea ukiibonyeza na inayozidi kukua.

Na mdomoni anatazama nini?

Kama una meno ya bandia, utayavua kwanza. Anakagua midomo, fizi, kaakaa na ndani ya mashavu, kisha anaushika ulimi kwa kipande cha shashi na kuuvuta huku na huku aone kingo zake mpaka nyuma. Hapo pembeni mwa ulimi na chini yake ndipo saratani nyingi za kinywa huanzia, na ni vigumu kupaona mwenyewe kwenye kioo. Halafu huweka kidole kimoja chini ya ulimi na vingine nje, chini ya kidevu, akabonyeza kuona kama kuna uvimbe katikati.

Anachotafuta ni kidonda kisichopona, uvimbe, doa jeupe lisilofutika au doa jekundu. Watu huogopa zaidi jeupe, kumbe jekundu ndilo la hatari zaidi. Yote hayo huchukua dakika chache tu.

Koo je?

Ukisema "aaa" anaona mafindo, lakini si shina la ulimi wala kisanduku cha sauti. Sauti ikikauka zaidi ya wiki 3, chakula kikikwama, au sikio moja likiuma bila ugonjwa wa sikio, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Yeye hupitisha puani mpira mwembamba wenye kamera. Unakera na machozi yanaweza kukutoka, ila hauhitaji kulazwa.

Akiona doa, ndiyo saratani?

Mara nyingi siyo. Huenda ni fangasi, au jino lililochongoka linakukwaruza. Ataondoa chanzo na kukuita tena baada ya wiki 2 hivi. Kidonda kisipopona, atakupiga ganzi na kukata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kinachothibitisha saratani ni kinyama hicho. Taa maalumu na rangi ya buluu inayopakwa mdomoni humsaidia daktari kuchagua pa kukata, basi; usikubali kuambiwa una saratani, au huna, kwa taa peke yake.

Uchunguzi huu unaokoa watu kweli?

Kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, ndiyo. Huko Kerala, India, utafiti ulioanza mwaka 1996 ulihusisha watu zaidi ya 190,000. Wahudumu waliofunzwa, wala si madaktari, walikagua vinywa kwa macho, na vifo vya saratani ya kinywa vikapungua miongoni mwa watumiaji hao. Tumbaku ya kutafuna, ugoro na tambuu yenye popoo pia vimo kwenye hatari. Anayevuta na kunywa kwa pamoja yuko pabaya zaidi.

Mimi sivuti wala sinywi.

Bado kuna kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, kinachosababisha saratani ya mafindo na shina la ulimi. Mara nyingi dalili ya kwanza huwa uvimbe shingoni usiouma. Ukiugusa, usisubiri mpaka uanze kuuma ndipo uende.