Gari la kulala linayumba? Yanayosemwa gereji na ukweli wake

Land Cruiser 78 iliyogeuzwa nyumba, kitanda ndani, jiko mlango wa nyuma, hema juu ya keria, ni gari zuri mno la kuzungukia Afrika Mashariki. Lakini ukishika njia ya Loiyangalani, upepo uleule unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Ziwa Turkana utakupiga ubavuni, na hapo ndipo utajua usukani wako uko katika hali gani. Wengi wakirudi mjini hukimbilia duka la vipuri, na nasikitika kuona fedha zikiishia kwenye kitu kisichokuwa na tatizo.

"Limelala nyuma, shokapu zimekufa."

Shokapu haibebi mzigo. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu huituliza tu isiendelee kudunda baada ya shimo. Nyuma ikiinama, ama mabamba ya springi yamechoka ama umezidisha mzigo. Shokapu iliyokufa ina dalili zake: imelowa mafuta, tairi linalika mabaka mabaka, gari linadunda mara kadhaa baada ya tuta. Na kwenye barabara ya rafu yenye mawimbi hata shokapu mpya huchemka, mafuta yake yakafanya povu na ikaacha kushika. Zile za gesi huvumilia zaidi, ila kupunguza mwendo na kusimama zipoe bado kunahitajika.

"Pandisha gari, litatulia."

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana gari likipandishwa ovyo huharibika tabia. Kuanzia 1999 magari haya yana koili (springi za kuzunguka) mbele, na ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, iliyoshikwa na mikono miwili inayoelekea nyuma. Ukiweka koili ndefu, mikono hiyo inashuka na kuizungusha ekseli kidogo, na kasta inapungua. Kasta ni ule mlalo wa mhimili ambao gurudumu linageukia. Ndio unaorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona na kulifanya gari lishike mstari. Ikipungua, gari linaanza kutafuta njia na dereva anasahihisha usukani kutwa nzima. Jioni mabega yanamuuma na hajui kwa nini.

Kuna na panadi, ile fimbo inayozuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Gari likipanda, fimbo inasimama kwa pembe kubwa zaidi na kuivuta ekseli pembeni. Kwa hiyo atakayepandisha anunue pamoja bushi (mipira ya viungo) za kurekebisha kasta na panadi inayorefushwa. Asitegemee alaimenti peke yake: kwenye ekseli nzima, bila vipuri hivyo, fundi anarekebisha tu jinsi tairi za mbele zinavyoelekeana. Kasta ataisoma kwenye mashine, lakini hana pa kuigeuzia.

"Usukani unatetemeka, funga shokapu kubwa ya usukani."

Itaficha ugonjwa kwa muda, na ugonjwa utaendelea kukua chini yake. Mtetemo mkali unaoanza ukigonga shimo na kukataa kuisha mpaka upunguze mwendo kwa kawaida hutoka kwenye kitu kilicholegea au kilichochakaa: bushi za panadi, tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele), bearing za magurudumu au zile za nakali (kiungo ambacho gurudumu linageukia), au tairi lisilo na balansi. Kupima hakuhitaji mashine. Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, zuia magurudumu kwa mawe, washa injini ili usukani uwe mwepesi. Mmoja akae kwenye kiti na kuusogeza usukani kushoto, kulia, kidogo kidogo, kwa haraka. Mwingine alale chini na kuweka kidole pale kiungo kinapokutana na mwenzake, kimoja baada ya kingine. Palipolegea kidole kitasikia mgongano: upande mmoja umeshasogea, mwingine bado haujafuata. Badilisha hicho kwanza. Shokapu mpya ya usukani ifuate baadaye ikihitajika.

"Stebilaiza nene inazuia gari kupinduka."

Stebilaiza, fimbo inayounganisha pande mbili za gari, inapunguza mlalo kwenye kona na gari likipitwa na basi, na kwa gari refu juu hiyo ni nafuu kubwa. Lakini haishushi uzito. Hema, majerikeni na tairi la akiba juu ya keria vinabaki palepale, na dereva asiyehisi mlalo huweza kuingia kona kwa mwendo usiofaa.

"Mifuko ya hewa inaongeza uwezo wa kubeba."

Inanyanyua nyuma iliyoinama, basi. Ekseli, breki na chasisi ni zilezile, na mfuko juu ya springi za mabamba unakusanya mzigo mahali pamoja pa chasisi. Zipo pikapu zilizopinda chasisi hapohapo.

Kabla ya yote haya lipime gari likiwa na kila kitu: watu, mafuta, maji, chakula. Mizani ikusomee ekseli moja moja, na ukiweza kila gurudumu, kwa sababu tangi la maji la lita 100 upande mmoja ni kilo 100 upande mmoja, na springi mpya haisawazishi hilo; kuhamisha tangi kunasawazisha. Kisha upepo wa tairi. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, fuata kibandiko cha gari kwa mzigo ulionao. Ukipunguza kwa ajili ya mchanga, jaza tena kabla ya kurudi lami, maana tairi laini hupinda ubavu na kufanya usukani uchelewe kuitika, sawasawa na gari lenye bushi mbovu.