Usawa wa kijinsia kazini huanzia kwenye daftari la mishahara

Mwajiri akiniuliza aanzie wapi kuweka usawa kati ya wanawake na wanaume kazini kwake, humwambia afungue daftari la mishahara kabla hajaitisha semina yoyote. Achore safu za jina, jinsia, kazi, tarehe ya kuajiriwa, mshahara wa msingi, kisha kila posho katika safu yake. Kwa sehemu yenye watu 20 au 30, kazi hiyo haizidi nusu siku.

Usitafute wastani wa wanawake wote na wa wanaume wote, maana mshahara wa meneja mmoja unatosha kuupotosha. Linganisha kazi na kazi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu majina ya kazi huficha mambo. Chukua ghala la tumbaku la Urambo au Kaliua. Wanawake wanaitwa vibarua wa kuchambua, wanaume wanaitwa wapakiaji, na mpakiaji analipwa zaidi kwa hoja kwamba kazi yake ni nzito. Ipime kila kazi kwa mambo manne: ujuzi, nguvu, wajibu na mazingira, kila moja alama 1 hadi 5. Mchambuzi hutazama rangi ya jani, mahali lilipokaa kwenye mche, madoa na michubuko. Akichanganya madaraja, robota (mzigo wa tumbaku uliofungwa) zima linaweza kushushwa daraja au kukataliwa sokoni. Kwa mfano, atapata ujuzi 4, nguvu 2, wajibu 4, mazingira 4, jumla 14. Mpakiaji atapata ujuzi 2, nguvu 5, wajibu 2, mazingira 4, jumla 13. Ghala lako litakuwa na alama zake, ila zitolewe na watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake, na angalau mmoja awe anaifanya kazi yenyewe. Kosa la kawaida ni kuhesabu nguvu ya misuli tu. Kuinama saa nane ukikodolea macho majani ni nguvu pia, na mgongo unaijua.

Ukiona pengo, lizibe kwa kupandisha mshahara wa chini. Kushusha wa juu kutaleta mgogoro na hakutamsaidia mtu yeyote. Kama fedha haitoshi, pandisha kwa awamu mbili na uziandike tarehe zake, watu wazione.

Mara nyingi mshahara wa msingi unalingana, ila pengo limejificha kwenye posho. Posho ya nyumba anapewa mwanaume kwa kuwa ni kichwa cha familia, mwanamke ananyimwa kwa kuwa mumewe anayo nyumba. Hiyo ni kumbagua mtu kwa hali yake ya ndoa, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinakataza, sambamba na ubaguzi wa jinsia na wa ujauzito. Angalia na safari. Kama kila anayetumwa Mpanda au Dar es Salaam ni mwanaume, posho za kujikimu zinakwenda upande mmoja mwaka mzima, na uzoefu unaompandisha mtu cheo unakwenda huko huko. Weka zamu ya safari. Asiyeweza kwenda aseme mwenyewe, asisemewe.

Sasa uzazi. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mkupuo. Anatakiwa kutoa taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Mama anayetarajia Septemba 1 atoe taarifa kufikia Juni 1, anaweza kuondoka Agosti 4, siku yake ya 84 ni Oktoba 26, na Oktoba 27 yuko kazini. Marekebisho ya 2025 yameongeza muda kwa aliyejifungua mtoto njiti, kwa hiyo usitumie fomu ya zamani. Likizo ya mwaka ya siku 28 ni haki nyingine. Isikatwe kwa sababu ya uzazi. Na kumzuia mama asirudi kazini baada ya likizo yake sheria inakuhesabu kama kumwachisha kazi, hata kama hukuandika barua yoyote.

Akirudi, ana haki ya kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye malipo ya kilo ndipo mambo huharibika. Mchambuzi anayelipwa kwa kilo akienda kunyonyesha, mzani haumsubiri. Haki anayo, ujira unapungua, na baada ya wiki mbili ataacha kwenda mwenyewe, nawe utadhani hana haja nayo. Dawa yake ni hesabu ndogo. Chukua kilo zake za wiki sita za mwisho kabla ya likizo, gawanya kwa saa alizofanya kazi, upate wastani wa saa moja, kisha saa za kunyonyesha zilipwe kwa wastani huo. Kama alikuwa akichambua kilo 6 kwa saa, saa mbili ni kilo 12 zinazoongezwa kila siku kwenye hesabu yake.

Chumba chenyewe hakihitaji makubwa: mita mbili na nusu kwa tatu, kitasa kinachofungwa kwa ndani, kiti chenye egemeo, pazia, maji na sabuni. Kiwe mbali na vumbi la tumbaku. Nikotini ya majani mabichi yenye unyevu hupenya kwenye ngozi na kuleta kichefuchefu na kizunguzungu, na sheria hairuhusu mjamzito au anayenyonyesha kufanya kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Mhamishie kwenye mizani au kumbukumbu, kwa ujira ule ule.

Baba naye anazo angalau siku tatu za malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mpe bila kumfanya aombe kama fadhila.

Kwenye dagaa wa Kigoma, saa za kazi ndizo zenye shida. Dagaa hufika mialoni alfajiri, Kibirizi na Katonga, na wanaoanika wengi ni wanawake. Ukitaka waanze saa 10 alfajiri, maana yake watembee gizani saa 9. Panga bajaji ya pamoja kutoka vituo viwili au vitatu, gharama iwe yako. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa, na mjamzito asilazimishwe wala asiruhusiwe kuifanya katika miezi miwili ya mwisho.

Unyanyasaji wa kingono hukaa palipo na mamlaka yasiyoandikwa. Vibarua wakisimama getini asubuhi na msimamizi mmoja akawachagua kwa kidole, umemkabidhi silaha. Mnyang'anye kwa orodha ya zamu inayobandikwa Jumamosi, inayofuata namba na si sura. Kuomba rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kwa hiyo usilimalize kwa kuwapatanisha ofisini. Teua wapokea malalamiko wawili, mmoja mwanamke, na wote wasiwe wagawaji wa kazi. Malalamiko yaandikwe siku hiyo hiyo, pande zote zisikilizwe ndani ya siku kumi. Wakati huo anayehamishwa kwa muda ni mtuhumiwa. Ukimhamisha mlalamikaji, wenzake wote watajifunza kunyamaza.

Matangazo ya kazi nayo yaandikwe upya. Badala ya "anahitajika kijana wa kiume mwenye nguvu," andika "atanyanyua gunia la kilo 50, takriban mara 30 kwa siku." Anayeweza atajitokeza. Kwenye usaili usiulize kama mtu ameolewa au atazaa lini. Ulinzi wa kifungu cha 7 unamhusu hata mwombaji.

Haya yote yakishaandikwa kwenye kurasa mbili tatu, unao tayari mpango wa fursa sawa ambao kifungu hicho cha 7 kinakutaka uusajili kwa Kamishna wa Kazi. Mpelekee Afisa Kazi wa mkoa aupitie kwanza. Kwa wenye maghala, mwezi mmoja kabla ya masoko ya tumbaku kufunguliwa ni wakati mzuri, kwa sababu baada ya hapo kila mtu yuko kwenye mizani na daftari halifunguliwi tena mpaka msimu uishe.