Je, wajua kampuni ya kubeti huzimwa vipi bila kufungwa hata mlango mmoja?

Tarehe 10 Julai 2019, bodi ya kudhibiti na kutoa leseni za kamari nchini Kenya, ile iliyozoeleka kwa herufi BCLB, iliandika barua. Haikuwaandikia polisi, na hakuna askari aliyetumwa kupiga kufuli ofisi ya mtu. Barua ilikwenda kwa Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, na ombi lilikuwa fupi: simamisheni namba za paybill, yaani namba za kupokelea malipo ya M-Pesa, na namba fupi za SMS za kampuni 27 za kubeti ambazo leseni zao zimeisha na hazijahuishwa.

Miongoni mwa kampuni hizo ilikuwamo SportPesa. Miaka miwili kabla, Julai 2017, SportPesa ilikuwa imeileta Everton ya Uingereza hadi Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kupambana na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney alifunga bao siku ile na Everton ikashinda 2-1. Kampuni yenye ubavu wa kuileta timu ya Ligi Kuu ya Uingereza Afrika Mashariki ilijikuta imekabwa koo na barua ya ofisi ambayo Wakenya wengi hawakuwahi hata kujua iko wapi.

Kwa nini barua kwa kampuni ya simu iwe na nguvu kuliko kufuli? Mtazame mtu anavyobeti Jumamosi alasiri, kabla mechi za Uingereza hazijaanza. Amekaa kwenye benchi la kinyozi, simu mkononi. Anafungua M-Pesa, anachagua Lipa na M-Pesa, anaandika namba ya paybill, anaandika namba ya akaunti, kiasi, namba ya siri. Sekunde chache baadaye simu inatetema: salio lako ni shilingi kadhaa. Hapo ndipo anaanza kupanga mkeka wake, yaani orodha ya mechi anazobashiri. Hajaingia dukani wala hajaonana na karani, na seva inayopokea dau lake pengine iko bara jingine kabisa. Katika safari yote hiyo, kitu kimoja tu kiko ndani ya Kenya na hakihamishiki: bomba la fedha. Likizibwa, tovuti itaendelea kuwaka na odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukishinda, zitaendelea kupanda na kushuka, lakini hakuna shilingi itakayoingia.

Leseni zenyewe zina historia ndefu. Sheria iliyoiunda BCLB ilipitishwa mwaka 1966, na ni sheria ya zama ambazo mtu wa kupokea madau alikuwa mtu kweli, ana uso, ana daftari, na ukimdai unajua utamkuta wapi. Kwa zaidi ya nusu karne sheria hiyo hiyo ilinyooshwa ili ifunike kasino, bahati nasibu, promosheni za sabuni na soda, na hatimaye kubeti kwa simu. Leseni ilikuwa ya mwaka mmoja tu, na mwisho wake tarehe 30 Juni. Ndiyo maana msukosuko ule ulitokea Julai. Bodi haikulazimika kumnyang'anya mtu kitu. Ilingoja leseni zife zenyewe, kisha ikakataa kuzifufua.

Mwombaji huulizwa nini? Kwanza, yeye ni nani. Wenye hisa watajwe na wakurugenzi wapekuliwe, pamoja na cheti cha tabia njema, kwa sababu biashara inayopokea fedha taslimu kutoka kwa maelfu ya watu ni mahali pazuri sana pa kuoshea fedha chafu. Pili, cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi kodi. Tatu, fedha zake zimetoka wapi na zinatosha kiasi gani, na hapo huingia dhamana. Hili la dhamana watu hulipita haraka, nami naliona ndilo moyo wa jambo lote. Kampuni ya kubeti ni mshika fedha za watu. Salio lililo kwenye akaunti yako pale ni deni lake kwako, sawa na deni la benki, ila haina ulinzi wa benki. Timu ndogo zikishinda zote wikendi moja, au mwenye kampuni akiamua kupanda ndege asirudi, mwenye mkeka ulioshinda atalipwa na nani? Dhamana ipo kwa ajili ya siku hiyo.

Kuna pia swali la nani hasa mwenye mamlaka, maana Katiba ya Kenya ya 2010 iliigawa kamari mara mbili. Jedwali la Nne linaiachia serikali kuu kamari ya kitaifa, kisha linataja kubeti, kasino na aina nyingine za kamari katika majukumu ya kaunti, kwenye kundi moja na burudani za umma. Duka la kubeti lililo mtaani Nakuru au Kisumu lina kuta, lina anwani, na kaunti ina haki ya kusema liwe umbali gani na shule. Lakini dau la simu halina kaunti. Mtu anaweza kuliweka akiwa kwenye matatu, safari ikianza Machakos na kuishia Nairobi. Kwa hiyo kubeti kwa mtandao kumebaki mikononi mwa serikali kuu, na kaunti zimebaki na majengo.

Turudi kwenye mgogoro wa 2019, kwa sababu uliwaka kutokana na jambo dogo la hesabu. Sheria ilitaka kampuni imkate mshindi asilimia 20 ya alichoshinda na kupeleka kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA. Sasa umeweka shilingi 100 kwa odi ya 2.00 na mkeka umeshika. Unapokea 200. Umeshinda ngapi? KRA ilihesabu 200 zote, kwa hiyo kodi ni 40. Kampuni zilisema 100 ya kwanza ni ya mchezaji mwenyewe, alikuja nayo, hivyo alichoshinda ni 100 na kodi ni 20. Zidisha tofauti hiyo ya shilingi 20 kwa mamilioni ya mikeka, nawe utaelewa kwa nini pande mbili zilipelekana mahakamani. Kwa maoni yangu kampuni zilikuwa na hoja katika hili, maana fedha uliyokuja nayo mfukoni si ushindi, na baadaye sheria iliandikwa wazi kwamba dau halihesabiwi. Lakini leseni ilidai cheti cha kodi, na cheti kilikuwa mikononi mwa yule yule anayedai. Wakurugenzi kadhaa wa kigeni walifukuzwa nchini. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo SportPesa ikatangaza kusimamisha shughuli zake Kenya, ikilalamikia ushuru mpya wa asilimia 20 juu ya kila dau.

Tangu hapo serikali imejifunza kutongoja mwisho wa mwaka. KRA iliunganisha mifumo yake na ya kampuni za kubeti, na mwaka 2023 sheria ikazitaka zipeleke ushuru wa dau ndani ya saa 24. Ukaguzi ukatoka kwenye makabati ya faili ukaingia kwenye waya. Viwango vyenyewe vimeyumba mno, na anayepanga biashara au bajeti ya nyumba yake ana haki ya kulalamika. Kuanzia Julai 2025 mchezaji hukatwa asilimia 5 anapoweka fedha na asilimia 5 nyingine anapozitoa. Akitoa 1,000, shilingi 50 zimeondoka, hata kama 1,000 hiyo ni pungufu ya alichoweka wiki hiyo.

Kwa michezo mingine usimamizi ni wa macho. Bahati nasibu ikichezeshwa, afisa wa msimamizi huwepo kushuhudia droo, na kwenye kasino wakaguzi hukaa humo humo. Kwenye odi, msimamizi hagusi kitu. Hakuna anayeiambia kampuni timu fulani iwe 1.90 au 2.10. Chukua mchezo wa pande mbili zilizo sawa kabisa: haki ingekuwa 2.00 kila upande, lakini utakuta 1.90 na 1.90. Kwa wastani, takriban shilingi 5 za kila 100 zinazowekwa hubaki kwa kampuni, yeyote atakayeshinda. Hiyo si wizi, ni bei ya huduma, na ni halali. Inaniuma tu kwamba vijana wengi hucheza miaka bila mtu kuwaonyesha hesabu hiyo.

Bomba la fedha lina matobo yake. Tovuti isiyo na leseni hupokea kadi au sarafu za kidijitali, au hupitia paybill ya wakala wa malipo ambayo jina lake halisemi lolote kuhusu kamari. Mchezaji akidhulumiwa huko hana pa kushtaki. Matangazo nayo yaliachiwa mno, hadi bodi ikayasimamisha yote kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025. Agosti mwaka huo Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, ambayo imeiondoa sheria ya 1966 na kuleta mamlaka mpya ya usimamizi mahali pa BCLB.

Sheria yoyote itakayokuwapo, leseni hupewa kampuni, haipewi jina la biashara, na wachezaji wengi huliona jina hilo la biashara tu. Jina la SportPesa wakati wa ile barua lilikuwa likiendeshwa na Pevans East Africa. Liliporudi hewani Oktoba 2020, rangi na nembo zilikuwa zile zile, lakini mwenye leseni alikuwa kampuni nyingine, Milestone Games. Bodi ikapinga jina hilo na namba zake za paybill kutumiwa na mwingine, na suala likaishia mahakamani. Kwa hiyo kabla hujabonyeza namba ya siri, jua jina la kampuni yenye paybill hiyo, kisha litafute kwenye orodha ya wenye leseni za mwaka huu. Huyo ndiye utakayemdai.